Puti ya zamani inapovimba: kusoma dalili za kutu kwenye gari la kale kabla ya kushika grinda

Lengelenge la kwanza huwa dogo kama punje ya dengu. Hukaa kona ya chini ya mlango, mahali ambapo macho hayafiki mpaka uiname kuosha gari. Ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea kidogo, kisha linarudi. Wengi wakishaliona huchukua msasa, wakakwangua hapo hapo, wakapaka puti mpya, ule ujazo wa kusawazisha bati, na kupiga rangi. Mlango unang'aa. Mvua zikishapita, lengelenge linarudi pale pale, safari hii na wenzake watatu.

Nimefungua milango na vizingiti, yaani boriti za bati zilizo chini ya milango, vya magari ya zamani vya kutosha kusema hili bila kusita: mara nyingi maji yaliyovimbisha puti yalipitia nyuma ya bati. Puti ya poliesta ina unga wa talki ndani yake na hunyonya unyevu. Bati likitoboka hata tundu la sindano upande wa ndani, puti inalowa kwa nyuma, kutu inaanza kati ya bati na puti, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, inasukuma kila kitu kuelekea nje. Rangi ndiyo ya mwisho kupata habari. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila dalili iliyopo hapa chini ni moja: maji yanapita wapi?

Kwanza pima, usikwangue

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uanzie sehemu unayoiamini, kama katikati ya paa. Sikia inavyovuta. Kisha shuka nayo taratibu kwenye milango, matao ya magurudumu, vizingiti na kona za buti. Pale inapolegea pana puti. Pale inapoanguka kabisa pana puti nene, au hapana chuma kabisa.

Hapo pana mtego. Land Rover za kwanza, zilizotoka mwaka 1948, zilivishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Sumaku haishiki popote kwenye madigadi yake, na bati linaweza kuwa zima kabisa. Magari mengine ya zamani yana risasi kwenye mishono, kwa sababu kabla ya puti ya poliesta kuenea, viwanda vilijaza maungio ya bati kwa mchanganyiko wa risasi na stani ulioyeyushwa. Sumaku hulegea hapo pia. Kwangua sehemu ndogo ya kufichika: risasi ni laini, ya kijivu, inang'aa kama fedha mahali ulipokwaruza. Puti hutoa unga. Usiharakishe kuondoa risasi ya kiwandani kama haijavimba; imekaa miaka sitini na inaweza kukaa mingine sitini.

Baada ya sumaku, gonga kwa kifundo cha kidole. Bati zima linajibu kwa sauti kali inayosambaa, kama sinia. Puti nene inajibu bubu, kama ubao. Kama una kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani mara nyingi ni chini ya maikroni 200. Ukisoma 1000 na kuendelea, yaani milimita moja, hapo amini kuna puti hata kama muuzaji ameapa vinginevyo.

Halafu toboa lengelenge moja kwa sindano. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu jibu lake ni la papo hapo. Likitoa maji ya kahawia au unga mwekundu, kutu iko chini na huenda bati limeshatoboka. Likitoa maji meupe na chuma cha chini kikiwa safi, unyevu umenaswa ndani ya rangi au ndani ya puti iliyopigwa msasa wa maji. Likiwa kavu na tupu, rangi imeachana na tabaka la chini: kulikuwa na mafuta, silikoni au vumbi siku ilipopigwa.

Dalili: malengelenge yamejipanga chini ya mlango

Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku kupitia mpira wa kioo. Hilo ni la kawaida, mlango umeundwa hivyo, na chini yake kuna vitundu vya kuyatolea. Vitundu vikizibwa na vumbi, majani, au puti ya fundi aliyepita, mlango unageuka beseni.

Ondoa bodi ya ndani ya mlango, mimina kikombe cha maji pale kioo kinapozama, uangalie yanakotokea. Yakichelewa au yasitoke, umepata chanzo. Ingiza waya mwembamba kwenye kila kitundu kwa kutokea chini. Kisha ingiza tochi ndani ya mlango na utazame ule mkunjo wa chini, ambapo bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani. Hapo ndipo kutu hukaa kwa sababu mabati mawili yamebanana na rangi haikuwahi kufika katikati.

Niliwahi kung'oa puti kwenye mlango wa gari la mwaka 1967. Nilitumia tindo pana kwa kuilaza, nikigonga polepole. Ikatoka kipande kimoja kikubwa kama kiganja, kinene milimita 14. Nyuma yake palikuwa na alama ya wavu wa waya, miraba midogo midogo myekundu kwa kutu, na chini ya wavu hapakuwa na bati, palikuwa na hewa. Fundi aliyetangulia alikuwa amebandika wavu juu ya tundu na kuujaza puti. Rangi ya juu ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyomfanya mwenye gari asihangaike kwa muda wote huo.

Tiba ya hapo ni kukata. Kata mpaka ufikie bati linalong'aa pande zote, si la kahawia, si lenye mashimo madogo kama ngozi ya ndui. Choma kiraka cha unene ule ule, ambao kwenye magari mengi ya zamani ni kati ya milimita 0.8 na 1. Kona za kiraka zizungushwe. Kona kali hukusanya joto na baadaye hupasuka.

Dalili: kutu imerudi pembeni ya kiraka kipya

Hii huwaumiza watu zaidi kwa sababu kazi ilionekana imefanywa vizuri. Fundi alikata, akachomea, akasaga, akapaka puti kidogo, akapiga rangi. Mwaka haujaisha, mstari wa malengelenge umefuata mshono.

Sababu mbili husababisha karibu yote ninayoyaona. Ya kwanza, mshono una vitundu. Uchomeleaji uliosagwa mpaka ukawa bapa huonekana mzima, lakini weka tochi nyuma yake gizani na utaona nyota. Kila nyota ni mlango wa maji kuingia kwenye puti. Zichomee tena zote kabla puti haijagusa chuma.

Ya pili, joto la kuchomea limeunguza rangi na kinga yote upande wa ndani, na hakuna aliyerudi kuipaka. Upande wa nje una praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma), puti na rangi. Upande wa ndani una chuma kitupu kilichopikwa. Kwa hiyo kazi ya kiraka haijaisha mpaka upande wa nyuma umepata praima ya epoksi, pale brashi inapofika, na nta ya ndani ya bodi, inayopulizwa kwa mpira mrefu wenye ncha ya kusambaza, pale brashi isipofika. Nta hupulizwa mwisho kabisa, baada ya kuchomea na rangi, kwa sababu inawaka moto na pia hufukuza rangi mpya.

Kuhusu kuchomea kwenyewe: tumia waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 kama mashine yako inaukubali, piga vidoti, na ruka. Kidoti kimoja hapa, kingine upande wa pili, cha tatu katikati, usubiri mpaka uweze kuweka mkono, ndipo urudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo bati litajikunja kama karatasi iliyolowa, na utajikuta unahitaji puti nene kuficha mawimbi uliyoyatengeneza mwenyewe. Hapo umerudi pale pale gari lilipokuwa.

Kabla ya cheche ya kwanza, ondoa betri, toa mazulia na viti, na ujue tangi na mabomba ya mafuta yako wapi. Lami ya kuzuia kutu chini ya gari inashika moto ukiwa upande wa pili huioni. Weka mtu upande huo, akiwa na ndoo ya maji na kizimamoto. Tangi la petroli likiwa karibu, litoe kabisa na ulipeleke mbali. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Dalili: puti inabanduka vipande vizima

Geuza kipande utazame mgongo wake. Mgongo mwekundu: ilipakwa juu ya kutu. Mgongo safi na laini kama kioo: chuma hakikukwaruzwa, puti haikupata pa kushika; chuma kinahitaji mikwaruzo ya msasa namba 80 hivi. Mgongo unaonata au wenye rangi ya praima ya asidi: puti ya poliesta haikai juu ya praima ya asidi, kwa sababu asidi huingilia kuganda kwake. Hili watu wengi hawalijui, na makopo yote mawili yanauzwa rafu moja.

Puti inakaa vizuri juu ya chuma kitupu kilichokwaruzwa, au juu ya praima ya epoksi iliyokwaruzwa. Mimi huchagua epoksi kwanza, halafu puti, kwa magari yanayolala nje. Ni kazi ya siku moja zaidi, ila chuma hakiachwi wazi hata saa moja baada ya kusafishwa. Chuma kitupu kwenye hewa yenye unyevu huanza kubadilika rangi siku hiyo hiyo, hata kama jicho halijaona, na alama ya kidole chenye jasho inatosha kuanzisha kutu.

Dalili: nyufa nyembamba

Ufa ulionyooka juu ya maungio ya mabati mawili unaonyesha kwamba puti imepakwa mahali panapocheza. Maungio hayo yanahitaji risasi kama kiwandani, au gundi ya mishono inayonyumbuka. Nyufa zilizotawanyika kama buibui katikati ya paneli huashiria puti nene kupita kiasi, au paneli inayotetemeka kwa sababu mbavu zake za ndani zimeachia. Bonyeza kwa kiganja: kama bati linatoa sauti ya kubonyea na kurudi, hakuna puti duniani itakayokaa hapo mpaka bati likazwe. Mimi sipendi puti izidi milimita 3. Kama inahitajika zaidi, bati halijanyooshwa vya kutosha, na nyundo na chuma cha kuzuilia nyuma vinapaswa kurudi kazini.

Dalili: umbo la kiraka linaonekana chini ya rangi

Rangi ilipokauka ilikuwa laini. Wiki kadhaa baadaye, jua likipiga kwa ubavu, unaona mstari kama pwani kwenye ramani, pale puti ilipoishia. Kingo za rangi ya zamani zimenyonya thina na kuvimba, au puti na praima zilifunikwa kabla hazijamaliza kusinyaa. Mikwaruzo ya msasa mkali isiyoondolewa huleta jambo hilo hilo. Shuka na namba taratibu: 80 kuchonga, 180 kulainisha, 320 kabla ya praima, na kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia. Kingo za rangi ya zamani zichongwe kwa upana, si sentimita moja tu. Halafu acha praima ikauke siku zake.

Madoa ya njano yanayopanda juu ya rangi nyeupe ni jambo jingine: hadna, ile dawa ya kugandishia, ilikuwa nyingi. Kipimo cha kawaida ni karibu asilimia 2 kwa uzito. Ukizidisha ili igande haraka, inayobaki hupanda mpaka kwenye rangi. Ukipunguza, puti hubaki laini na hunata kwenye msasa. Changanya kwa kukandamiza na kupaka, usikoroge kama uji, kwa sababu kukoroga kunaingiza hewa na hewa ndiyo vitundu utakavyovikuta baadaye. Na puti ya poliesta usiipige msasa wa maji kamwe. Inakunywa.

Dalili: mlango umeshuka, au nafasi yake haiko sawa

Hapa acha mambo ya rangi kabisa. Mlango unaokwaruza kizingiti, au nafasi iliyo pana juu na finyu chini, inaweza kuwa bawaba zimelika. Inua mlango kwa mkono ukiwa wazi: ukicheza kwenye bawaba, shukuru. Usipocheza, tazama kizingiti.

Kwenye magari mengi ya kale yasiyo na chesisi (fremu ya chini) ya pekee, kizingiti ni mfupa. Kwenye Volkswagen ya kobe, ile yenye injini nyuma, ndani ya vizingiti hupita njia za hewa ya moto kutoka kwenye injini, na hizo hizo ndizo zinazoshika bodi kwenye sakafu. Joto na unyevu hukutana humo miaka na miaka. Chomeka bisibisi kutokea chini na usukume kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Likizama, gari halina mfupa upande huo, hata kama nje limepakwa puti na lami likapendeza.

Nimekuta ndani ya vizingiti magazeti, matambara, na povu la kupuliza lililoganda. Povu ndilo baya zaidi. Linashika maji kama sponji na kuyabana kwenye chuma mchana na usiku, na ukichomea karibu nalo hutoa moshi wa sumu. Litoe lote kwa mkono kabla ya moto.

Usikate kizingiti gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Liweke kwenye stendi chini ya sehemu imara, chomea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, mmoja wima na mmoja mshazari, pima nafasi za mlango na uziandike. Kata upande mmoja, maliza, ndipo uhamie mwingine. Gari lililokatwa pande zote mbili kwa pamoja hujikunja katikati, na likishajikunja milango haifungi tena kama zamani.

Na gari lenye kizingiti kinachozama bisibisi lisiende barabarani mpaka litengenezwe. Usipakie familia yako humo.

Dawa ya kugeuza kutu: inafaa wapi?

Dawa zenye tanini hugeuza kutu kuwa nyeusi na ngumu. Zenye asidi ya fosforiki huila na kuacha ngozi ya kijivu. Zote zinafaa kwenye kutu nyembamba iliyoshika, baada ya brashi ya waya kuondoa magamba. Hazifai kwenye magamba mazito, kwa kuwa hugeuza juu tu na chini kunaendelea kulika. Haziwezi kabisa kurudisha bati lililotoboka. Mabaki ya asidi yaoshwe na kukaushwa kama kopo linavyoelekeza kabla ya epoksi, la sivyo utaleta malengelenge mapya kwa mkono wako.

Kwenye aluminiamu hakuna kutu nyekundu. Kuna unga mweupe, na unaanzia pale aluminiamu inapogusana na chuma pakiwa na unyevu. Tenganisha metali hizo kwa praima, gundi ya mishono au washa za plastiki, na usitumie brashi ya waya iliyokwishasugua chuma, kwa sababu inaacha chembe zitakazoshika kutu.

Vumbi

Rangi za zamani nyingi zina risasi, na mishono inaweza kuwa ya risasi ile iliyochanganywa na stani. Usiipige grinda. Iyeyushe kwa moto wa chini na kuifuta, au ichonge kwa tupa, kwani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 183 tu. Vaa barakoa yenye vichujio, ile inayobana uso, kitambaa hakitoshi. Nguo za kazi zisiingie ndani wala zisifuliwe na za watoto. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadna zina isosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na hizo hupulizwa kwa barakoa yenye hewa safi ya kuletwa kwa bomba.

Baada ya rangi

Subiri mvua ya kwanza kubwa, au mwagilia gari kwa mpira kwa dakika kumi kuanzia paa. Kisha pita na tochi: chini ya mazulia, ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba, chini ya kioo cha mbele. Ukipata tone, lifuate kwa kupanda juu mpaka liishie, kwa sababu maji husafiri kwenye mbavu za bodi na hudondoka mbali na yalipoingilia. Tone la miguuni kwa dereva mara nyingi limeanzia kwenye mpira wa kioo cha mbele, karibu mita moja juu yake. Weka alama kwa chaki, kausha, mwagilia tena.